Huzuni ya Ozu: yafariji au yanyamazisha?

Lalamiko zito dhidi ya filamu za huzuni zinazokwenda polepole si kwamba zinachosha. Mtu akichoka huzima runinga akalala. Lalamiko zito ni kwamba zinafundisha kunyamaza: zinaupamba uchungu hadi mtazamaji auone mzuri, na pale alipopaswa kuhoji, ashushe pumzi na kusema ndiyo dunia.

Nalipima kwa filamu ninayoipenda kuliko zote za aina hii, Tokyo Story ya mwongozaji wa Kijapani Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953. Wazee wawili wanatoka mji wa Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Mkubwa ni daktari, ana wagonjwa. Binti, Shige, ana saluni. Wanachangishana fedha kuwapeleka wazee Atami, mji wa mapumziko kando ya bahari, na huko hotelini usingizi hauji kwa kelele za watu wanaoimba na kucheza mahjong. Anayewapokea kwa moyo mweupe ni Noriko, mkamwana wao, ambaye mumewe alifia vitani. Anaomba ruhusa kazini awatembeze mjini, anamkanda mama mabega, anamlaza kwenye tandiko la marehemu.

Mama anarudi Onomichi na kufariki. Baada ya mazishi Kyoko, kitinda mimba, anawaka kwa ubinafsi wa nduguze, kisha anamwuliza Noriko: maisha si yanavunja moyo? Noriko anatabasamu na kukubali kwamba ndiyo, yanavunja.

Wanaolalamika huishika sehemu hii, na wana haki. Hasira ya Kyoko ni ya kweli, na tabasamu lile linaizima kabla haijasema yote. Wanawake wa Japani ya wakati ule walihimizwa sana kuvumilia. Filamu inayoufanya uvumilivu upendeze haipaswi kupokelewa bila maswali.

Ila wanaondoka mapema mno. Muda mfupi baadaye baba mkwe anamshukuru Noriko kwa wema wake, naye anazikataa sifa. Anasema yeye ni mbinafsi. Kwamba siku nyingine zinapita bila kumkumbuka mumewe. Kwamba usiku hujiuliza itakuwaje akiendelea kuishi hivi, na moyoni kuna kitu anachokisubiri. Mzee anampa saa ya marehemu mkewe, anamsihi aolewe. Setsuko Hara, mwigizaji wa Noriko, aliyetabasamu karibu filamu nzima, anaufunika uso kwa viganja na kulia. Kamera ya Ozu imetulia chini, karibu na usawa wa mikeka, haimkimbilii. Uvumilivu ambao kila mtu aliusifu sasa unatajiwa gharama yake, na anayeitaja ni yule aliyeilipa. Huko si kunyamazishwa. Mimi sehemu hiyo hunipa nguvu ya kusema yangu.

Kinachonisumbua bado ni Shige. Analia kwa kwikwi anapoambiwa mama hataishi hadi asubuhi. Kisha kwenye mlo wa baada ya mazishi anaulizia nguo za marehemu, na watazamaji wengi humchukia papo hapo. Huyu ni mwanamke anayehangaika na biashara yake katika Tokyo iliyotoka vitani miaka minane tu nyuma, lakini hatumsikii hata mara moja akieleza kinachomkaba yeye. Noriko alipewa nafasi hiyo. Naamini Ozu angempa na Shige, huruma ya filamu hii ingekuwa pana zaidi.