Mshale Unasema 70, Malori Yananipita

Jamani, hebu niambieni. Uko barabara kuu ya M6, mshale wa spidi mita umesimama kwenye 70, umeshika usukani kwa mikono miwili, mara linakuja lori la mizigo linakupita. Na linakupita taratibu, kiasi kwamba dereva anapata nafasi ya kukutazama, kukuonea huruma, na kumaliza mkate wake. Malori ya hapa Uingereza yana kidhibiti mwendo, mwisho wake ni maili 56 kwa saa. Sasa wa 56 anampitaje wa 70? Mwalimu wangu wa hesabu pale Tanga, pamoja na fimbo yake, asingelitoa jibu.

Gari lenyewe ni MGB la 1972, la wazi, jekundu, limezaliwa kiwandani Abingdon. Mama Salma analiita kopo. Mimi nalitetea: kodi ya barabara halilipi kwa sababu ya uzee, hata ukaguzi wa kila mwaka limesamehewa. Mama Salma anasema nchi ikishakusamehe ukaguzi maana yake imekukatia tamaa.

Mjini ndiyo aibu tupu. Kwenye mtaa ambao mwisho wa mwendo ni maili 20, mshale uko 20, mama wa makamo ananipita kwa baiskeli, kapu la mboga mbele, na hahemi. Kwenye 30, nyuma yangu kuna foleni ya harusi isiyo na bibi harusi. Nikiamua kukimbia kama wenzangu kwenye barabara kuu, mshale unapanda hadi 90, roho inanidunda, nawaza kamera na faini, narudi zangu kwa malori.

Nikaweka simu kwenye dashibodi inipimie mwendo kwa setilaiti. Mshale 70, simu 55. Mshale 50, simu 39. Mshale 90, simu 70 kamili, halali kabisa!

Wazee wa magari ya zamani nao, ukiwauliza kitu wanakupa chai kwanza, halafu kila mmoja na ugonjwa wake. Wa kwanza: tairi hizo, umeweka fupi. Ni kweli tairi fupi huzunguka mara nyingi zaidi kwa maili moja na kuipandisha spidi mita, lakini tairi hula asilimia chache tu, haliwezi kumeza maili 15. Wa pili: waya wa spidi, ule unaotoka giaboksi hadi kwenye spidi mita, umepinda. Waya ukipinda mshale hutetemeka, unacheza ngoma kati ya 30 na 40. Wangu ulikuwa umetulia tuli. Unadanganya kwa utulivu, bila haya. Wa tatu alisema niuze.

Ndipo mzee mmoja, mkimya, mikono myeusi kwa grisi, akaniuliza: "Umesoma ile namba ndogo?" Nikachukua tochi. Kweli, kwenye uso wa spidi mita, chini, kwa maandishi ya kumsumbua sisimizi, imeandikwa 1000. Maana yake saa hiyo ya spidi inaamini kwamba waya ukizunguka mara 1000, gari limekwenda maili moja. Ndani yake hakuna maajabu: waya unazungusha sumaku, sumaku inakivuta kikombe cha alumini bila kukigusa, springi nyembamba inakizuia, mshale unasimama pale walipopatana. Mshale hauijui barabara. Unamjua waya tu.

Kilichobaki ni kujua giaboksi langu linazungusha waya mara ngapi. Njia yake ni ya kimaskini, nikaipenda. Unachomoa waya nyuma ya saa, mkono umeingia chini ya dashibodi hadi kwapani. Unabandika kijikaratasi kwenye ncha yake kama bendera. Gia unaweka huru, kisha gari linasukumwa futi 52 na inchi 10, yaani sehemu moja ya mia ya maili, na wewe unahesabu bendera inavyozunguka.

Nikachora mistari ya chaki mtaani kwetu Coventry. Mimi nahesabu, Mama Salma na Salma wanasukuma. Shida ya Waingereza ni wema: wakiona gari linasukumwa hawaulizi. Jirani akadandia kusukuma, mpita njia akadandia, gari likapitiliza mstari, hesabu ikafa. Tukarudisha nyuma. Akaja mwingine na nyaya za kuchajia betri. "Baba Salma, waambie hawa gari ni zima!" Nitawaambiaje, na linasukumwa?

Hatimaye bendera ikazunguka kumi na tatu kasorobo hivi. Zidisha kwa mia: takriban 1280. Giaboksi linasema 1280, saa imeandikwa 1000. Aliyekuwa na gari kabla yangu alitoa saa yake akachomeka ya gari jingine, akaniuzia mbio za bure.

Na kumbe hata maili zilizohesabiwa na saa hiyo hiyo zilikuwa za hewa! Bima yangu inaniruhusu maili 3000 kwa mwaka. Zaidi ya 600 sikuziendea popote. Halafu mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu msikitini kwamba galoni moja inanipeleka maili 30. Gawanya kwa 1.28. Ni 23! Nimemlipa fundi anifungie saa nyingine, ya 1280, na risiti yangu kimsingi inasema gari langu ni zito na linakunywa.

Jumapili tukaingia M6, mshale 70, na safari hii ni 70 ya haki. Lori tumeliacha. Injini inanguruma, milango inagonga, upepo unataka kuondoka na mtandio wa Mama Salma, kaushika kwa mikono yote miwili. Akaninamia sikioni, akapiga kelele:

"Baba Salma! Ile saa ya zamani umeitupa?"