Vespa PX kwenda DC: betri haizai wati

Mwenye Vespa PX, skuta ya Piaggio, isiyo na betri akilalamika kwamba taa zinafifia kila anaposimama kwenye mataa, ushauri wa kwanza anaopewa ni kugeuza mfumo mzima uwe DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) badala ya AC (umeme unaogeuka-geuka, unaotoka moja kwa moja kwenye koili za injini). Si ushauri mbaya, ila mara nyingi hutolewa kabla mtu hajashika mita.

Koili za taa za PX hutoa takriban wati 80 za AC, volti 12, injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Regyuleta yake ya pini tatu (G, G na M) ina kazi moja tu, kumwaga umeme uliozidi kwenye bodi (chuma cha pikipiki) ili balbu zisiungue. Akiba haipo popote. Sasa piga hesabu: taa ya mbele 35, ya nyuma 5, ya breki 10, indiketa mbili za upande mmoja 42. Jumla ni wati 92. Usiku kwenye makutano, mguu ukiwa kwenye breki na indiketa inawaka, unadai 92 kwa koili inayotoa 80 injini ikiwa mbio, sembuse ikiwa inanguruma polepole.

Hapo ndipo DC inapojitetea. Betri hufidia pengo la muda mfupi, taa hazipandi na kushuka pamoja na injini, balbu za LED haziwakiwaki, na simu unaichaji njiani. Ila betri haizai wati. Ukibaki na balbu zilezile za kizamani na safari za mjini za kusimama-simama, betri ndogo ya ampea-saa (Ah) 5 itachotwa kuliko inavyojazwa, na baada ya wiki chache utarudi ulipoanzia ukiwa na mzigo zaidi chini ya bodi. Faida kamili huja pale LED inaposhusha mzigo. Taa ya mbele ya wati 15 tu hubadilisha hesabu yote.

Watetezi wa AC nao wana hoja, ingawa ile wanayoipenda zaidi ndiyo dhaifu. Husema betri ikifa pikipiki haitawaka. Kwa PX yenye CDI ya kiwandani (kifaa cha elektroniki kinachotoa moto wa plagi) si kweli. Koili ya moto wa plagi ni ya peke yake na haiitegemei betri, kwa hiyo utapiga kiki na kuondoka hata betri ikiwa maiti. Hoja yao yenye nguvu ni nyingine: AC ina vifaa vichache vya kuharibika, na pikipiki inayolala miezi mingi haikuachii betri iliyooza.

Tena, taa nyingi zinazodaiwa kufifia kwa sababu ya AC zinafifia kwa sababu ya kutu. Pima volti za AC kwenye regyuleta, kisha kwenye soketi ya taa ya mbele, taa ikiwa inawaka. Kwenye regyuleta ukiona 13 na kwenye taa 10, tatizo ni waya, swichi au muunganiko wa bodi. (Mita za bei rahisi husoma vibaya AC iliyokatwa na regyuleta, kwa hiyo usihangaike na tofauti ndogo.) Angalia pia waya zinazotoka kwenye sahani ya koili, yaani bamba linaloshika koili zote. Kwenye PX za mwanzo plastiki yake hukauka kwa joto na mafuta, ikapasuka, na injini huzima ikishapata moto. Ugonjwa huo DC hauutibu.

Ukiamua kugeuza, kazi ngumu iko nyuma ya flaiwili, gurudumu lenye sumaku linalozunguka na injini. Kabla ya kulegeza sahani ya koili, ichore alama pamoja na injini, la sivyo umevuruga taimingi (wakati plagi inapotoa moto). Upande mmoja wa koili ya taa umelehemiwa kwenye sahani, yaani bodi. Ukifunga rekitifaya kamili (kifaa cha diodi, yaani milango ya umeme ya upande mmoja, kinachogeuza mawimbi yote ya AC kuwa DC) bila kuung'oa, nusu moja ya wimbi hupita kwenye diodi moja na kurudi moja kwa moja kwenye koili. Hiyo ni shoti. Koili huchemka, betri haijai, na fundi hulaumu regyuleta. Ng'oa ncha hiyo tu, kwangua vanishi ya shaba, lehemu waya wa milimita za mraba 1.5 unaostahimili joto, na usiguse waya za CDI: kijani, nyekundu na nyeupe. Kisha pima. Kati ya waya mbili za taa uone omu chache mno. Kati ya kila mmoja na sahani mita isisome chochote.

Regyuleta za bodaboda zimejaa madukani, lakini nyingi za pini nne ni za nusu wimbi, yaani huchaji kwa nusu tu ya wimbi la AC, na hazifai hapa. Weka mita kwenye kipimo cha diodi, pima kutoka pini ya hasi kwenda kila pini ya AC. Zisipofanana, iache dukani.

Ufunguo nao ni mtego. Kwenye PX isiyo na betri, ufunguo huzima injini kwa kupeleka waya wa CDI kwenye bodi. Ukipitisha volti 12 za betri humo humo unaweza kuiua CDI, hivyo tafuta swichi yenye njia mbili zisizokutana. Fyuzi ya ampea 8 ikae karibu na betri. Honi ya AC na flasha ya AC (kifaa kinachowasha na kuzima indiketa) zibadilishwe zote mbili.

Kwa PX isiyo na hitilafu, yenye balbu za kawaida, njia ya katikati inatosha: taa ya mbele ibaki AC, na regyuleta ya pini tano, ambayo Piaggio yenyewe iliifunga kwenye PX zenye betri, ilishe honi na indiketa. DC kamili ifanywe flaiwili ikiwa tayari imeng'olewa kwa ajili ya waya zilizochoka, na pesa ya LED ikiwa mkononi. Ukimaliza, injini ikiwa mwendo wa kati, betri isome volti kati ya 13.8 na 14.4. Ikipita 15, zima mara moja, LED hazitakusubiri.