Kalipa Nani?

Kijana wa bodaboda alipofikisha mzigo nyumbani kwetu Sakina, Arusha, mimi nilikuwa gereji. Akagonga geti. "Mzigo wa kalipa, mama!" Mke wangu akaitika kutoka jikoni, "Kalipa nani?" "Kalipa za bagi." "Nimesikia ni za bagi, nauliza kalipa nani?" Wakaenda hivyo mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza, na mwisho kijana akanipigia simu niamue kesi. Jibu lilikuwa baya kuliko swali. Nimelipa mimi, laki mbili na nusu, kwa vyuma viwili vya mtumba vya kubania diski za breki, kila kimoja uzito wa mtoto wa miezi mitatu.

Bagi yenyewe ni gari la wazi, chasisi ya mabomba, injini ya Volkswagen imekaa nyuma, na ukishaweka dereva na mafuta inafika kilo 650. Mbele ina breki za diski, nyuma za ngoma. Busta ya kuusaidia mguu haina, nguvu yote inatoka mguuni. Pedali ina uwiano wa 6 kwa 1, maana yake ukikanyaga kwa nguvu ya kilo 30, masta silinda, pampu inayopeleka fluidi kwenye breki, inasukumwa kwa kilo 180. Masta silinda ni ya robo tatu ya inchi, yaani milimita 19, tena ya chumba kimoja, mtindo wa zamani: ikishindwa, breki za mbele na za nyuma zote zinashindwa. Kwa vipimo hivyo unapata presha ya kama bar 62, na kwa gari jepesi namna hiyo si haba.

Sasa ikaanza kuvuta kushoto kila nikishika breki, na ikawa inataka mguu wa beki wa kati. Nikafungua matairi ya mbele. Kalipa zilikuwa za pistoni moja, zile zinazoteleza juu ya pini mbili. Upande wa kulia pedi ya ndani ilikuwa imeisha hadi chuma kinameta, ya nje imebaki milimita 8, karibu mpya. Fundi yeyote aliyekunywa chai angeuona ugonjwa papo hapo. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu mwili wa kalipa unateleza kwenye pini na kuivuta ya nje. Pini zikiganda, pedi ya ndani inabeba mzigo peke yake mpaka inakata roho. Mimi nikaona kitu kingine kabisa. Nikasema kalipa hizi dhaifu, zinataka wakubwa zao.

Mangi wa duka la speya, Unga Limited, akaniuliza ni za gari gani. Nikamwambia bagi. Akanyamaza kidogo, akaingia stoo, akatoka na kalipa za pikapu ya 4x4, pistoni nne kila moja. "Kaka, hizi zinasimamisha Mlima Meru."

Mlima Meru umesimama wenyewe miaka yote, lakini siku hiyo hilo halikunijia. Pistoni nne! Nikapiga hesabu palepale dukani: moja mara nne, breki mara nne.

Rimu ndiyo iliyoanza kugoma. Zangu ni za inchi 14, na kalipa ya pistoni nne ina mabega. Tulipovalisha tairi halikuzunguka hata robo. Nikachukua grainda nikayanyoa mabega yale (usiige, chuma cha kalipa si cha kunyoanyoa) mpaka nikapata nafasi ya milimita 2. Kwa gari la mawe na vumbi unatakiwa uache walau 4. Matundu ya bolti nayo hayakulingana, kwa hiyo nikakata mabamba mapya ya chuma cha milimita 12, nikatoboa, nikaziweka kalipa nyuma ya ekseli ili mawe yasizipige usoni. Kwenye pikapu zilikotoka zilikuwa zinakaa mbele ya ekseli.

Kalipa moja ilikuwa na herufi L, nyingine R. Chalii wangu wa gereji akauliza ipi iende wapi, kwa kuwa anaona kama zimekaa vibaya. Nikamtazama kwa huruma ya msomi. "L ni left. Kushoto. Kwani wewe shule ulienda kufanya nini?"

Ya L ikaenda kushoto.

Jioni tukaanza kutoa upepo kwenye breki. Utaratibu ninaujua. Unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, unavalisha mpira mwembamba kwenye nipeli (kichuchu cha kutolea upepo), ncha yake unaizamisha kwenye chupa yenye breki fluidi kidogo. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipeli robo mzunguko, kisha anaifunga kabla pedali haijaachiwa. "Kanyaga!" "Nimekanyaga!" "Shikilia!" "Nimeshikilia!" Mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha, fluidi ikaja safi, rangi ya asali changa. Chalii akajaribu pedali. Ikazama mpaka sakafuni kama mguu kwenye tope la masika. Tukarudia. Chupa nne za fluidi ya DOT 4, nusu lita kila moja, zikaisha, na usiku ukaingia. Mkanyago wa kwanza ulikwenda sakafuni, wa pili ukaishia nusu, wa tatu ukawa mgumu kama jiwe.

"Basi," nikasema, "hii inapigiwa hodi mara tatu, kama mlango wa watu wastaarabu." Nikafunika gari nikaenda kulala.

Asubuhi tukaipeleka Kisongo, kwenye njia ya vumbi inayochepuka kutoka barabara ya Dodoma, mahindi yalikuwa yameshavunwa na mashamba yako wazi. Chalii akakaa kulia kwangu, kofia ngumu kichwani, mdomo umefungwa. Bagi ikaimba vizuri, mshale ukasimama kwenye 50. Mbele kulikuwa na boma, na mbele ya boma lundo la mabua, chakula cha ng'ombe cha kiangazi kizima, limepangwa juu kuliko kichwa cha mtu. Ilipobaki kama mita 20 nikapiga hodi ya kwanza. Sakafuni. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linameza karibu mita 14 kila sekunde, na hodi tatu zinataka sekunde mbili hata ukiwa na haraka ya kufa. Hesabu hiyo niliimalizia ndani ya mabua. Hodi ya tatu, lazima niseme ukweli, ilishika vizuri mno.

Handibreki ipo. Chalii ndiye aliyeikumbuka, tukiwa tumeshasimama. Akaivuta kwa heshima.

Vumbi lilipotua nikaona macho: mbuzi saba, mbwa mmoja, na mama mzee wa Kimasai ameegemea fimbo. "Shikamoo, yeyo," nikasema huku nikitoa jani la mhindi mdomoni. "Marahaba." Akaizunguka bagi taratibu, akainama kuhakikisha hakuna mbuzi chini yake, akainuka. "Wewe layoni," akaniambia. Layoni ni mvulana ambaye hajapita jandoni, na mimi nina mvi kidevuni. "Hiki kitu hakina mlango, hakina paa, hakina breki. Sasa ulinunua nini?"

Sikuwa na jibu. Tukapatana elfu sitini na kulipanga lundo upya, mimi na chalii, tukisimamiwa na mbwa. Nikatuma hela kwa simu. Mjukuu wake akasoma ujumbe, akapaza sauti, "Bibi, kalipa!" Neno hilo likanichoma kwa mara ya pili ndani ya wiki moja.

Bagi ilirudi gereji kwa kamba. Jirani yetu pale ni fundi mzee, amezeeka chini ya Land Rover. Akalala chali kwenye boksi, akachungulia, akakaa kimya. Halafu tumbo likaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Nipeli iko wapi?"

"Ile pale chini."

"Na upepo ukiwa ndani ya fluidi huwa unakwenda wapi?"

"Juu, mzee."

"Kwa hiyo mgeni yuko darini, wewe unamsubiri mlango wa uani na chupa nne."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. L na R ziliandikwa kwa ajili ya pikapu, ambako kalipa inakaa mbele ya ekseli. Ukiihamishia nyuma ya ekseli upande uleule, inapinduka kichwa chini, na nipeli inaangalia ardhi. Fluidi inatoka safi kwa sababu chini hakuna upepo, wote umejikusanya sehemu ya juu ya kalipa, na wala hauna mpango wa kuhama. Fluidi haibaniki, hewa inabanika, basi mkanyago wa kwanza unaishia kuminya hewa. Ukikanyaga haraka haraka, masta silinda inaingiza fluidi nyingine kabla ile ya kwanza haijarudi, pedali inapanda, na wewe unadhani umepona.

Tukazibadilisha: ya R kushoto, ya L kulia. Nipeli zikaangalia mbinguni. Chalii hakusema neno, alinitazama tu kwa huruma ya msomi. Kila bolti inayoshika mpira wa breki ikawekewa washa mbili mpya za shaba, moja juu moja chini, kwa sababu ya zamani imeshabonyea na itavuja. Bolti za bamba, za milimita 12 daraja la 8.8, zikafungwa Nm 85. Nusu chupa ya fluidi ilitosha. Pedali ikasimama juu mkanyago wa kwanza.

Mzee hakuondoka. Akaomba vernia, yaani kalipa ya kupimia kalipa, na hapo ndipo nilipoumia kweli. Kalipa zangu za zamani zina pistoni moja ya milimita 51, eneo lake milimita za mraba 2,043. Hizi mpya kila upande zina moja ya 43 na moja ya 34, jumla 2,360. Upande wa pili hauongezwi, kwa sababu pistoni za ng'ambo zinafanya kazi ileile ambayo kwenye kalipa inayoteleza inafanywa na mwili wake. Faida yote ilikuwa asilimia 15, si mara nne. Na hata hiyo 15 sikuihitaji. Mzigo wa bagi uko nyuma, mbele ni nyepesi, na kwenye vumbi tairi linaganda mapema kabla kalipa haijatoa jasho. Likiganda la mbele, usukani unabaki pambo. Kilichokuwa kinakosekana kwangu kilikuwa grisi.

Bado nikang'ang'ania, ukaidi ni kilema. Siku ya tatu kijiwe kikanasa kati ya kalipa na rimu, kwenye zile milimita 2, kikachora rimu mduara mzima kwa mlio uliowatoa watu saluni. Nikazing'oa. Leo ziko kwenye pikapu ya mtu, L iko kushoto, mbele ya ekseli, zina amani.

Za zamani nikazihudumia kama nilivyotakiwa kufanya mwanzoni. Pini zilitoka kwa nyundo. Kumbe zilipakwa grisi ya bearing, ambayo inavimbisha mpira, na vumbi letu la Arusha, laini kama unga, likaingia kwenye vimpira vilivyopasuka likafanya simenti. Nikazisugua kwa msasa laini namba 400, nikaosha matundu kwa breki klina (petroli hapana, inaharibu mpira), nikavalisha vimpira vipya, nikapaka grisi ya silikoni kiasi cha ukucha kwa kila pini. Ukisukuma kalipa kwa kidole gumba iteleze. Pedi mpya nikazizoesha: kutoka kilomita 50 mpaka 10, mara kumi, bila kusimama kabisa, halafu gari likaachwa lipoe. Gharama haikufika hata robo ya zile laki mbili na nusu.

Jumamosi nikarudi Kisongo, njia ileile, kilomita zilezile 50. Nikakanyaga mara moja. Bagi ikasimama imenyooka, haikuvuta kushoto wala kulia, mita kadhaa kabla ya boma. Nikashuka kwa mikogo nimsalimie yeyo, aone mwenyewe.

Mabua yalikuwa yamehamishiwa nyuma ya nyumba. Pale yalipokuwa ameweka jiwe.