Kinanda cha Jana, Filamu Isiyokuwepo

Mwaka 1978 mwongozaji wa filamu wa Kimarekani John Carpenter alimwonyesha ofisa mmoja wa kampuni kubwa ya filamu kazi yake mpya, filamu ya kutisha ya Halloween, kabla haijawekewa muziki. Dada yule aliitazama hadi mwisho na hakuogopa hata kidogo. Carpenter amesimulia mwenyewe kwamba hapo ndipo alipoazimia kuiokoa filamu kwa muziki. Pesa za kuita okestra hakuwa nazo, maana filamu nzima iligharimu kama dola 300,000 tu, kwa hiyo akakaa mwenyewe kwenye piano na sinthesaiza, yaani kinanda kinachozalisha sauti zake kwa umeme.

Zaidi ya miaka 40 imepita, na vijana waliozaliwa wakati kanda za video zinaanza kupotea madukani wanatunga kwa sauti zile zile. Chini inanguruma besi nzito. Katikati noti tatu nne zinazunguka bila kupumzika, na juu yake imetandazwa sauti pana inayoyumba kidogo, kama ya mkanda uliochakaa. Wenyewe wanauita muziki huu sinthiwevu. Wengi tuliufahamu mwaka 2011, pale Nightcall, wimbo wa Mfaransa Kavinsky, uliposikika mwanzoni mwa filamu ya Drive. Mwaka 2016 ikaja tamthilia ya Stranger Things na muziki wa Kyle Dixon na Michael Stein kutoka Austin, Texas, na tangu hapo sauti hizi hazijatoka masikioni mwa watu.

Naupenda muziki huu, na nimeusikiliza kwa miaka. Ndiyo maana lawama zinazotupiwa nazichukulia kwa uzito. Lawama kubwa ni kwamba sinthiwevu inakopa sura ya wazee na kuiacha kazi yao.

Mchukue Vangelis, mtunzi wa Kigiriki. Mwaka 1982, alipotengeneza muziki wa filamu ya Blade Runner katika studio yake ya Nemo jijini London, alikuwa akitazama picha kwenye skrini huku mikono iko kwenye vinanda, akipiga kadiri anavyoona. Kinanda alichokitegemea kuliko vyote ni Yamaha CS-80, kilichotoka mwaka 1977, chenye uzito wa karibu kilo 100. Siri ya kinanda hicho iko kwenye kitufe. Ukishakibonyeza na noti ikalia, unaweza kuzidi kukikandamiza, na noti ile peke yake ikavimba, ikang'aa au ikatetemeka, huku zile za vidole vingine zikibaki zimetulia. Ndiyo maana sinthesaiza ya Vangelis inalia kama mtu anayevuta pumzi. Kila noti ina mkono nyuma yake.

Leo CS-80 inapatikana ikiwa programu ya kompyuta, na toleo la kwanza linalojulikana sana lilitoka mwaka 2003. Sauti inafanana sana. Lakini vibodi vingi ambavyo vijana wanavitumia kuipiga programu hiyo haviwezi kutofautisha mkandamizo wa kidole kimoja na kingine. Basi sauti imefika na kidole kimeachwa njiani. Ukisikiliza nyimbo kumi za sinthiwevu mfululizo utaona ninachosema: noti zinaingia zote kwa nguvu moja, zinatoka zote kwa nguvu moja, na ngoma inapiga nne kwa nne kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kuna mfano mwingine unaonigusa zaidi. Prophet-5, sinthesaiza ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1978, ilikuwa na kasoro iliyowasumbua wanamuziki: ikipata joto, sauti zake tano zinaanza kuachana, kila moja inapotoka kwa kiasi chake. Wahandisi waliumiza vichwa kuidhibiti hali hiyo. Kampuni ya Sequential ilipoirudisha sokoni mwaka 2020, iliiwekea kirungu maalumu cha kuzungusha ili kuirudisha kasoro ile, na unachagua mwenyewe kiasi unachotaka. Kirungu hicho kinatoa sauti tamu, hilo silikatai. Ila wazee wale walikuwa wakikimbilia kesho, na upotofu wa ala zao ulikuwa adui. Sisi tunaununua kama manukato ya wakati ambao wengi wetu hatukuuishi.

Hayo ni ya upande mmoja, na ni mazito. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba kuiga ni dhambi, na msomaji wa Afrika Mashariki anayo sababu nzuri ya kunielewa. Kuanzia miaka ya 1930 santuri zilizojulikana kwa herufi GV zilileta muziki wa Kuba kwenye miji yetu. Wanamuziki wa Dar es Salaam, Mombasa na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, walizisikiliza, wakaziiga, wakajifunza nazo. Waliazima mapigo ya kisiwa ambacho wengi wao hawakuwahi kukitia machoni, na ndani ya mwigo ule ikakua rumba yetu na muziki wetu wa dansi. Kama mtu angewazuia siku ya kwanza kwa kosa la kukosa uasili, tungekuwa maskini wa muziki kiasi gani!

Tofauti ninayoiona ni mazingira. Bendi ya dansi ilikuwa na ukumbi mbele yake. Wachezaji walikuwa wakiisahihisha bendi kila usiku kwa miguu yao: wakikaa chini, umekosea. Sinthiwevu nyingi inatungwa chumbani na kusikilizwa kwa spika za masikioni, mtu akiwa peke yake. Hakuna mguu wa kuisahihisha. Nadhani hii ndiyo sababu ya kufanana kwake kuliko hata suala la ala.

Kuhusu ala, anayewaumbua wakosoaji ni Carpenter huyo huyo. Mwaka 2015, akiwa na miaka 67, alitoa Lost Themes, albamu yake ya kwanza isiyokuwa ya filamu yoyote. Aliitengeneza na mwanawe Cody na mtoto wake wa ubatizo Daniel Davies, na walitumia programu za kompyuta, zile zile zinazodharauliwa zikiwa mikononi mwa vijana. Tangu hapo ametoa mfululizo wa albamu hizo, ya nne ikiwa ya mwaka 2024. Sasa utamwambia nani kwamba muziki huu bila mashine kongwe si halali, ikiwa mwenyewe ameziweka kando?

Tangerine Dream nayo inatatiza hoja. Kundi hili la Wajerumani lililotunga muziki wa filamu za Sorcerer mwaka 1977 na Thief mwaka 1981 lilimpoteza mwanzilishi wake, Edgar Froese, Januari 2015. Halikuvunjika. Linaendelea chini ya Thorsten Quaeschning bila hata mmoja wa wale wa mwanzo. Ni warithi au ni waigaji? Mimi nawaita warithi, kwa sababu walichoshika ni ule uvumilivu: kuliacha zunguko moja la noti liende dakika kumi na zaidi huku likibadilika taratibu, hadi msikilizaji ashtuke kwamba yuko mahali pengine.

Hapo ndipo ninapowapimia vijana. Rudi kwenye Halloween. Carpenter alipokuwa mvulana, baba yake, aliyekuwa mwalimu wa muziki, alimfundisha mapigo ya tano kwa nne kwenye ngoma ndogo ziitwazo bongo. Miaka mingi baadaye mapigo yale ndiyo yaliyobeba filamu. Jaribu kuyagonga mezani: tatu, tatu, mbili, mbili, kisha anza tena bila kusita. Mguu uliozoea nne unabaki hewani kila mzunguko ukiisha, na mwili unahisi kuna kitu kinakuja kabla akili haijajua ni kitu gani. Sauti ya ala haina sehemu kubwa katika hofu ile. Pigo liliwekwa pale kwa sababu kulikuwa na picha iliyolihitaji.

Watunzi wapya wanaonishika ni wale ambao picha hiyo wanayo, hata kama filamu haipo. Dixon na Stein wako humo. Wakimsindikiza mtoto anayepita msituni kwa baiskeli, wanajua lini wanyamaze.

Mimi mwenyewe sauti hizi nilizipata kwanza kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta likivuma nje. Jina la filamu ile nimeshalisahau, na kisa chake pia. Ninachokumbuka ni kinanda kimoja kilicholia kwa chini wakati mtu anashuka ngazi gizani, na sisi wote, wakubwa kwa wadogo, tukiwa tumenyamaza. Kijana anayetunga leo chumbani kwake, nikimsikiliza kwa macho yaliyofumbwa, nasubiri aniletee hizo ngazi.