Mgodi Ukifungwa, Kahama Inabaki na Nini?

Kila kongamano la wawekezaji likiisha, tunatangaziwa hesabu kwa dola: miradi imesajiliwa kadhaa, thamani yake mabilioni, ajira maelfu. Ukumbi unapiga makofi. Mimi nimeacha kupiga, na si kwamba nawachukia wageni. Kusajili mradi ni kuonyesha nia tu, na kilichoandikwa kwenye cheti si lazima kishuke bandarini. Hata kikishuka, bado naulizia jambo moja: katika kila dola mia anazotumia mwekezaji, ngapi zinalala hapa nchini?

Nizungumzie dhahabu, maana nimekulia Kanda ya Ziwa na huko ndiko macho yangu yalikofunguka.

Sheria ya Madini ya 1998 iliwafungulia wageni mlango hadi ukutani. Mrabaha wa dhahabu, yaani sehemu ya thamani ya madini anayolipa mchimbaji kwa serikali, ulikuwa 3%, mitambo na mafuta yakipata misamaha ya kodi, na halmashauri yenye mgodi ikipewa dola 200,000 kwa mwaka, bei ya dhahabu ipande isipande. Mgodi wa Geita ulianza 2000, Bulyanhulu 2001. Pale Bulyanhulu wachimbaji wadogo walikuwa wameshaondolewa tangu 1996. Kisha miaka ikapita, ndege zikibeba dhahabu huku baadhi ya vitabu vya hesabu vikionyesha hasara, na penye hasara hakuna kodi ya mapato.

Kelele zilianza Bungeni 2007, Zitto Kabwe alipohoji kwa nini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ulio jirani na mji wa Kahama, ulisainiwa London. Alichopata ni kusimamishwa ubunge kwa muda. Lakini swali halikufa. Iliundwa kamati ya Jaji Mark Bomani, na sheria mpya ya 2010 ikapandisha mrabaha hadi 4%.

Halafu ikaja 2017, na hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wa pande zote mbili. Rais Magufuli alizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini unaosafirishwa kuyeyushwa nje, yasitoke, makontena 277 yakashikiliwa bandarini Dar es Salaam, na kampuni ya Acacia ikapelekewa dai la dola bilioni 190. Hebu lipime dai hilo: ni zaidi ya mara tatu ya pato la taifa la mwaka ule. Sidhani kama kuna aliyetegemea kulipwa. Lakini mtu anayetaka ng'ombe wa laki nane huanza kwa kutaja laki tatu, na muuzaji naye anajua. Mwisho wa mazungumzo marefu na Barrick, mmiliki mkuu wa Acacia, makubaliano yalisainiwa Januari 2020: fidia ya dola milioni 300, kampuni ya pamoja ya Twiga, serikali kupata hisa 16% bila kutoa mtaji, na faida za kiuchumi kugawanywa nusu kwa nusu. Mrabaha nao ulikuwa umeshafika 6%. Wanaosema ubabe ule haukuzaa kitu wanajidanganya.

Wanaosema haukuwa na gharama nao wanajidanganya. Katika vuguvugu lilelile tulifuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini, yaani za kulishikilia eneo kabla ya kuanza kuchimba, na wenye leseni wakatupeleka kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa. Winshear ilimaliza kwa dola milioni 30, Indiana Resources kwa milioni 90, Montero kwa milioni 27. Jumla dola milioni 147 kwa migodi ambayo haijatoa hata gramu moja! Kwa fedha hizo ungejenga shule ngapi za sekondari, piga hesabu mwenyewe.

Lakini mrabaha, hisa na kodi zote zinaelekea Dodoma. Mimi nauliza kuhusu Kahama. Buzwagi, kilomita chache tu kutoka mjini, ilianza kuzalisha 2009 na kufikia 2021 shughuli ilikuwa imekwisha. Miaka kumi na miwili tu. Mtoto aliyezaliwa mgodi unaanza alikuwa hajaingia sekondari ulipofungwa. Kilichobaki ni shimo kubwa, uwanja wa ndege, nyumba, umeme na barabara, na sasa eneo limetengwa liwe ukanda maalumu wa kiuchumi. Wazo zuri, nalisifu. Ila lilipaswa kuwepo mezani siku ya kwanza, si siku ya kufunga geti.

Jamaa yangu mmoja, jirani na mgodi mwingine ambao jina lake naliacha, aliwahi kufuga kuku akitarajia kuuza mayai kwenye kambi ya wafanyakazi. Kila siku watu mamia wanakula pale, mayai lazima yaliwe. Alizungushwa miezi: mara alete cheti cha mlipa kodi, mara cha viwango, mara asubiri zabuni. Mwishowe akaambiwa tenda ya chakula yote anayo kampuni moja, na kampuni hiyo mayai yake inayatoa mbali. Kanuni za 2018 zinautaka mgodi utangulize watoa huduma wa Kitanzania, na kwenye karatasi kampuni ile ilikuwa ya Kitanzania. Ilikuwa ya mfukoni. Mwenyewe hata kijijini hajulikani.

Ndiyo maana sioni ajabu kwamba ukiingia Kahama leo, pesa inayozunguka mbele ya macho yako ni ya mchele. Mashine za kukoboa zinanguruma, malori yanapakia kwenda Rwanda na Burundi, mama lishe wanauza wali usiku kucha kwa madereva. Mpunga haukusainiwa London. Mkulima akiuza, analipa fundi, analipa bodaboda, ananunua bati dukani kwa jirani yake. Dhahabu ingeweza kufanya hivyohivyo kama mgodi ungenunua nondo, sare, mboga na huduma ya magari hapahapa, na kama wakaguzi wangefuatilia nani hasa yuko nyuma ya kila zabuni badala ya kuhesabu vyeti tu.

Jamaa yangu kuku hakuwaacha. Sasa mayai yake yanaondoka na malori ya mchele.