Kimebadilika, Lakini Hakibadilishwi

Kila mtu ana lake la kulalamikia. Kuna wa foleni, kuna wa umeme, kuna wa shemeji aliyekuja kusalimia na sasa ana funguo za nyumba. Mimi ugomvi wangu ni na kitenzi kimoja, badili, pamoja na ukoo wake wote, maana ndicho tunachokitumia kila tukipeana vitu na ndicho kinachotuponza.

Chukua lile tangazo la dukani: "Mali ikishauzwa haibadilishwi." Unanunua viatu vyeusi, vinapigwa na mvua moja, vinageuka rangi ya majivu. Ukivirudisha, muuzaji hafungui hata mdomo, anakuonyesha ubao kwa kidole. Na kinachouma ni kwamba kisarufi yuko sawa! Haibadilishwi ina -w- ya kutendwa, na anayetendwa ana mtendaji wake, kajificha nyuma ya kaunta: maana yake hakuna atakayekupa jozi nyingine. Hakuahidi kwamba haitabadilika. Kubadilika kuna -ik-, na jambo la -ik- hukitokea kitu chenyewe, halisubiri ruhusa ya mwenye duka. Kwa hiyo kiatu kimebadilika lakini hakibadilishwi, na sentensi haina kosa hata moja. Kosa liko miguuni mwako.

Asili ya badili ni Kiarabu, mzizi wa konsonanti tatu: b, d, l. Huko baddala ni kuweka kitu mahali pa kingine, na badal ni hicho kilichowekwa. Ndipo tulipopata badala ya, na mbadala. (Njia mbadala, njia mbadala, kila siku njia mbadala. Hakuna anayesema hiyo ya kwanza imekosa nini.) Waarabu wakitaka kusema watu wanabadilishana wana umbo lao, tabadul, la kuongeza ta mwanzoni na kurefusha irabu ndani ya neno. Waswahili hilo hawakuhangaika nalo. Walichukua badili, wakaliingiza kwenye karakana ya Kibantu na kuligongea mikia: badilia, badilika, badilisha, badilishia, badilishana. Tumbo la Kiarabu, mkia wa Kibantu, na linatembea vizuri tu.

Ukitaka kujua lipi bado mgeni na lipi limeshapata uraia, likanushe. Kitenzi cha Kibantu kinachoishia na -a hugeuza -a hiyo kuwa -i: nanunua, sinunui. Badili haina -a ya kugeuza, kwa hiyo ni sibadili, basi, kama sijibu na sisamehe. Lakini likishavaa mkia wa -sha linatii sheria za mwenyeji: nabadilisha, sibadilishi. Anayesema "mimi sibadilisha" amekwama mpakani bila hati.

Sasa badili na badilisha zina tofauti gani? Watu wengi wanazitumia kama mapacha, na hapo kuna sababu: badili yenyewe tayari inachukua yambwa, yaani kile kinachotendwa. Unabadili nguo, unabadili nia, wala -sha haikuhitajika ili kitu kipate kubadilika. Mimi naona heri tuzitenganishe, kubadili iwe kuacha hiki na kushika kingine, kubadilisha iwe kukitoa ili upewe kingine. Mtoto akiambiwa "kabadili shati" ataingia chumbani. Akiambiwa "kabadilishe shati," usipige kelele akirudi kavaa la rafiki yake.

Wanaonimaliza kabisa ni wenye matangazo. "Nabadilisha simu na baiskeli." Ndugu yangu, kipi kinatoka na kipi kinaingia? Huenda unatoa simu unataka baiskeli. Huenda unatoa vyote viwili, maana na inaunganisha, na ukitajiwa simu na baiskeli una haki ya kuviona vimesimama upande mmoja. Watu thelathini watapiga, nusu yao wana simu za kutoa, nusu wana baiskeli, na mwenye tangazo anajiuliza kwa nini watu hawaelewi Kiswahili. Tumia kwa: "Nabadilisha baiskeli kwa simu." Kinachotoka kinatangulia, kinachoingia kinakaa nyuma ya kwa.

Halafu ile tamati ya "na nyongeza." Nyongeza ya nani? Kiswahili kimekupa viambishi vya nafsi bure, hutozwi hata senti: nitakuongezea, utaniongezea. Ukiviacha, mnakutana kila mmoja kaja kupokea.

Badilishana nayo ina masharti. Ile -an- inadai pande mbili, na zote zionekane: "Juma na Asha wamebadilishana zamu," au "Juma amebadilishana zamu na Asha." Ukisikia "Juma amebadilishana zamu," pakawa kimya, mtafute Asha umuulize kama ana habari. Mara nyingi hana, na zamu yenyewe ni ya usiku. Ukanda mwingine, hasa Kenya, -an- imeshapoteza kazi kwenye peana: mtu anasema "peana hicho kitabu" na anachotaka ni ukitoe tu, yeye hana kitabu cha kukupa wewe. Mtendano wa upande mmoja huo.

Na usichanganye kunibadilishia na kunibadilikia. Aliyekubadilishia noti kakusaidia. Aliyekubadilikia, ndiye yule wa "siku hizi umenibadilikia," na hilo haliponi kwa risiti.

Nimesema badili ni la kuja, lakini hata maneno ya nyumbani yana mitego. Angalia uza. Kiganda wanasema kugula, Kinyarwanda kugura, Kikuyu kũgũra, na wote wanamaanisha kununua. Mzizi ni huohuo mmoja wa Kibantu. Kiswahili kiliiangusha g, kama ilivyoanguka kwenye kwenda ambako Kiganda bado kina kugenda. Halafu kikachukua umbo la kusababisha, lile linalogeuza lala kuwa laza, ikatoka uza. Kwa hiyo kuuza, kwa asili, ni kumfanya mtu anunue. Wanyarwanda hawakuficha: kugurisha, kuuza, ni kugura pamoja na mkia wa kusababisha. Sasa unaelewa kwa nini muuzaji anakushika mkono, anakuita bosi, na kukuvalisha koti ambalo hukuliomba. Anatimiza wajibu wa kisarufi. Bei nayo inatoka Kiarabu, bay', yaani mauzo, na biashara ni bay' wa shira', kuuza na kununua, yaliyosemwa haraka mpaka yakagandamana. Angalau neno hilo linataja pande zote mbili za kaunta, si kama ule ubao.

Bado kuna sarafu, na hapa ndipo ukoo unapotia aibu. Mzizi ni s, r, f, wenye ile s nzito ya Kiarabu. Sarafa ni kugeuza, na kuvunja fedha pia. Sarraf ni mvunja fedha, yule unayempa za huku akakupa za kule. Wanasarufi wa Kiarabu nao, walipotaka jina la elimu ya kugeuza maumbo ya maneno, wakachukua sarf, kutoka mzizi uleule. Kwetu ikawa sarufi. Kwa hiyo anayekufundisha badili, badilika, badilisha na anayekubadilishia noti wanafanya kazi ya jina moja: unatoa umbo hili, unapewa umbo lile. Tofauti ni kwamba mmoja ana kioo cha kuzuia risasi na mwingine ana chaki.

Wa tatu ni masurufu, kutoka neno la Kiarabu la matumizi. Hizo ndizo fedha anazokabidhiwa mtu kwa safari ya kikazi, kisha akirudi anatakiwa azieleze. Sarufi ukiiharibu, watu wanacheka wanapita. Sarafu ikikuponyoka, inaokotwa na mwingine, yameisha. Katika ndugu hao watatu, wa kutafutiwa risiti ni masurufu peke yake.