Siku Niliyokwenda Kuvua Basi

Neno la kwanza la uvuvi nililofundishwa Marekani nusura linikosanishe na mwalimu wangu. Mzee mmoja jirani yetu, pale Harrisburg, Pennsylvania, alinipeleka Mto Susquehanna, akaninyoshea kidole kwenye kivuli kilichokuwa kikichezacheza nyuma ya jiwe, akaninong'oneza: "Basi."

Nikaacha. Nikakunja mshipi, nikarudi nyuma hatua tatu, nikasubiri aniambie nimekosea nini. Naye alikuwa akisubiri nirushe. Tukatazamana hivyo kama watu wanaodaiana, mpaka kivuli kikaenda zake.

Kumbe ni jina la samaki. Wenyewe wanaandika bass, na huyu wa mtoni ni yule wa mdomo mdogo, maana ana ndugu yake mwenye domo kubwa. Mwili rangi ya shaba, mistari ya kusimama ubavuni, jicho jekundu kama la mtu aliyekesha akipuliza kuni mbichi. Akinasa anaruka nje ya maji na kutikisa kichwa, kama anakataa mahari. Mke wangu hadi leo akiniona na fimbo ya kuvulia ananiuliza: "Unakwenda kuvua basi? Urudi na konda."

Sasa, mimi ni mtoto wa Kibirizi, Kigoma. Nimekuzwa kwa dagaa na migebuka, na baba yangu amelijua Ziwa Tanganyika kabla hajanijua mimi. Nilipouona Susquehanna wakati wa kiangazi nilicheka kwa sauti. Mto una upana wa karibu kilomita nzima, lakini unavuka sehemu kubwa maji yakiwa magotini. Wenyeji wenyewe hutania kwamba mto wao ni maili moja kwa upana na futi moja kwa kina. Nikampigia baba simu kumweleza kwamba huku watu wazima wanavua kwenye dimbwi.

"Na samaki?"

"Wapo, baba. Ila ukimvua basi unamrudisha majini papo hapo. Kwa sehemu hii ya mto, ndiyo sheria."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Unamrudisha? Kwani ulimkopa?"

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kumweleza kwamba kuanzia mwaka 2005 watoto wa basi walikuwa wanakufa kwa wingi kwenye mto huu, ndiyo maana serikali ikabana. Akasema samaki akishapanda mtumbwini ana njia moja tu, nayo inapita kwenye mafuta ya mawese.

Alichokielewa baba ni pale nilipomwambia kwamba dume la basi ndilo linalolea. Masika yao, maji yakianza kupata joto, dume linafagia changarawe kwa mkia, jike linataga na kuondoka, dume linabaki kulinda mayai na watoto. Likisogea kidogo tu, visamaki vingine vinavamia. "Kama kuhe," baba akasema, yule samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika. Nikamwambia ndiyo, ila kuhe wa kwetu analea pamoja na mkewe, huyu kaachiwa peke yake. Akamhurumia sana. Ni kwa ajili ya ulezi huo kuanzia Mei 1 hadi katikati ya Juni ilikuwa marufuku hata kumtafuta.

"Mimi na ndoana yangu tunazuiwa," mzee jirani alikuwa akilalamika. "Wimbi la boti halisomi kalenda."

Mzee ana kesi na boti. Anasema zamani miamba ndiyo iliyokuwa askari wa huu mto: propela yoyote iliyojitia ujuvi ilirudi nyumbani na mapengo. Kisha zikaja boti za jeti. Injini inafyonza maji kwa chini na kuyatema nyuma kwa nguvu, hakuna kinachoning'inia, na ikishapata kasi boti inateleza juu ya maji yasiyofika hata shubiri moja. Pale basi alipokuwa amejificha kwa amani, sasa ni barabara kuu. Tope linatibuka, na samaki anayewinda kwa macho anabaki kama mtu aliyepuliziwa moshi usoni.

Halafu akanifundisha jambo ambalo nilipaswa kulishika. Boti ikiwa kasi, inakaa juu ya maji, wimbi lake si kubwa sana. Ikienda taratibu kabisa, wimbi halipo. Mbaya ni katikati: dereva akipunguza nusu, matako ya boti yanazama, pua inanyanyuka, inalima maji kama trekta. "Nusu mwendo ndiyo inaua," alisema. Sheria inataka boti iende polepole kabisa ikiwa ndani ya futi 100, kama mita 30, kutoka kwa mtu aliyesimama majini. Nikaitikia kwa kichwa, akili yangu ikiwa kwenye chapati.

Jumamosi moja ya Julai nikaenda mwenyewe. Mzee alisema atakuwa upande wa chini, karibu na daraja la Rockville, lile la reli la mwaka 1902, la mawe, matao 48. Mimi nikabaki juu. Nilikuwa nimevaa ile suruali ya mpira inayofika kifuani, niliyoinunua kwenye mnada wa uani kwa dola nane. Mzee alikuwa amenikataza: Julai watu wanaingia mtoni na kaptula. Lakini dola nane ni dola nane. Jasho lilikuwa likitiririka mle ndani hadi nikahisi tayari nimo mtoni.

Kwenye jiwe la pembeni nimeweka kofia na hotpoti la mke wangu, lile la zawadi ya harusi, lina chapati sita. Shingoni nimening'iniza simu kwenye kifuko cha plastiki kisichoingia maji, nimempigia baba kwa video. Huku saa nne asubuhi, kwao Kigoma saa kumi na moja jioni. Amekaa barazani na majirani wawili walioitwa kuja kuona mtoto anavyovua dimbwini.

"Shikamoo baba, tazama hapa."

"Marahaba. Naona goti lako."

Nikarusha. Chambo chenyewe cha mpira, cha kahawia, mfano wa wale kamba wadogo wa mtoni wanaojificha chini ya mawe. Kikagusa mwamba, kikadundadunda, halafu mshipi ukawa mzito. Basi huyo! Akaruka, jua likampiga ubavuni, nikasikia baraza nzima ya Kigoma inapiga kelele.

Hapo ndipo boti ilipotokea. Ilikuja kwa kasi, imejaa vijana na muziki. Kama angepita vile vile ningeloa magoti tu. Lakini dereva alikuwa mtu wa adabu. Aliniona, akanionea huruma, akapunguza. Nusu. Akanipungia mkono.

Nikampungia. Pua ya boti ikanyanyuka. Nyuma yake maji yakajikunja, ya rangi ya chai ya maziwa, yakaja taratibu bila papara, kama mgeni anayejua kwamba chakula kipo.

Wimbi la kwanza lilinipiga kiunoni. La pili lilipanda kifuani na kuingia kwenye suruali kutokea juu. Hujawahi kujazwa kama dumu wewe. Miguu ikawa miwili ya tembo, nikateleza kutoka kwenye mwamba, nikakaa chini, maji yakafunga juu ya kichwa changu. Dimbwini. Mtoto wa Tanganyika.

Nilipoibuka nikashika jiwe. Fimbo imekwama kwenye mwamba, mshipi umelegea, samaki kaenda kusimulia wenzake. Kifuani sauti inatoka: "Mbona giza? Hebu geuza simu! Umeingia kwenye pango?"

Boti ikarudi. Vijana wakanivuta kama gunia, wakanilaza chali, wawili wakashika visigino na kuvinyanyua juu. Maji yakashuka kupitia kifuani na usoni kwangu, ndoo na ndoo, na mwisho akatoka kamba mdogo, hai, akasimama kwenye kidevu changu ameinua makucha. Nilimheshimu.

"Uko sawa, kaka? Umepoteza chochote?"

Nikatazama lile jiwe. Kofia hakuna. Hotpoti hakuna. Kule mbali, jekundu, lenye maua, lilikuwa likielekea Ghuba ya Chesapeake, mto huu unakoishia, kwa utulivu mkubwa.

Kofia naweza kununua. Lile hotpoti nisingeweza kurudi nyumbani bila lile. Nikamwambia dereva: twende!

Tukalifukuza. Upepo usoni, muziki juu, na nakiri hapa mbele yenu kwamba raha ya boti ni raha kweli. Daraja la Rockville likawa linakua mbele yetu. Na mbele ya daraja, kasimama mzee jirani yangu, maji kiunoni. Mkono wa kulia ameshika fimbo iliyopinda kama upinde wa mvua, ana samaki mkubwa kweli kweli. Kwapa la kushoto amebana hotpoti la maua.

Nikashtuka. Nikampiga dereva begani: "Punguza! Punguza!"

Akapunguza. Nusu.

Nilijua kabla pua haijanyanyuka. Nilitaka kusema ongeza, nikataka kusema simama, nikasema vyote kwa pamoja, kwa Kiswahili. Mzee alituona. Aliniona mimi hasa, nimesimama mbele ya boti kama nahodha, suruali ya mpira inachuruzika. Wimbi likamfikia. Hakuanguka, yule mzee ni kigingi. Lakini alikuwa na mikono miwili na vitu viwili, na ilibidi kimoja akishike vizuri. Akalikumbatia hotpoti. Mshipi ukakatika.

Dereva akazima injini. Muziki nao ukazimwa. Mzee akatazama pale samaki alipozamia, akanitazama mimi, akaachia neno moja tu, kwa uchungu:

"Basi."

Kutoka kifuani kwangu, ndani ya kifuko cha plastiki, baba akawageukia majirani zake: "Mmesikia? Huyo mzungu anajua Kiswahili!"